Njuga za Zonnie Etsitty

Mama yangu na mume wangu wamefanya kazi ofisi moja miaka kumi na minne na hawajawahi kuonana. Usinitolee macho. Nimesema hawajaonana, sikusema hawajuani. Mama anajua Leland anavyokohoa asubuhi, anajua siku tuliyogombana nyumbani kwa jinsi anavyotua kikombe mezani, anajua hata buti zake zimeanza kuisha upande gani. Lakini mwulize sura ya mkwe wake ikoje, atakwambia nenda kamwulize aliyeolewa naye.

Sisi Wadine, ambao karatasi za serikali zinatuita Wanavaho, mama mkwe na mume wa binti yake hawatazamani. Atakayetazama macho yatapofuka, ndivyo tulivyoambiwa, na hata yasipopofuka kuna kitu kingine kitakuwa kimekufa. Siku hizi wengi wameacha. Wanakaa na wakwe zao kochi moja, wanatazama mpira, wanapokezana bisi. Shauri yao. Mama yangu, Zonnie Etsitty, hakuacha, na ukitaka kubishana naye juu ya hilo jiandae kubishana mpaka theluji ianguke.

Kwenye ukanda wake amefunga njuga mbili za shaba, alizonunua Gallup kwenye duka la matandiko ya farasi wiki ile niliyoolewa. Akitembea zinalia. Leland akizisikia anageukia ukutani, au anazunguka nyuma ya pikapu, au anatoka kwa mlango mwingine. Mwaka fulani karibu na Krismasi alizisikia akiwa dukani, akageukia rafu ya chakula cha mbwa, akasimama pale dakika kumi akisoma mfuko mmoja. Kumbe ni kengele za mwanasesere wa mtoto wa watu. Keshia akaja kumwuliza ana mbwa wangapi.

Mama alizaliwa kwenye kambi ya kondoo, akachukuliwa akapelekwa shule ya bweni. Huko walimkata nywele na kumchapa kila alipotamka neno la kwao, akatoka na Kiingereza safi na hasira ya kumtosha maisha yote. Akapiga taipu ofisi ya ardhi miaka ishirini na miwili. Kwetu huwezi kuweka nyumba, hata ile inayokuja imebebwa na lori, bila karatasi ya kiwanja. Karatasi haitoki bila ramani, na ramani haipokelewi mpaka kila mwenye mifugo inayolisha pale aridhie. Mama aliona maombi yakioza makabatini na waombaji wakizeekea kwenye trela za ndugu zao. Alipostaafu akapanga chumba kando ya barabara kuu, zamani kilikuwa ghala la sufu, akaanza kuwachorea watu ramani.

Wakati huo Leland alikuwa akifanya kazi kwenye mtambo wa umeme wa makaa. Mwaka wa pili wa ndoa yetu bomba la mvuke lilipasuka mbele yake. Upande wote wa kulia wa uso wake, kutoka kwenye paji mpaka shingoni, ngozi iliyeyuka ikaganda upya. Aliporudi kutoka hospitali hakutoka ndani miezi minane. Watu walikuja kumpa pole, na kila aliyeingia alimtazama kwanza, halafu akahamisha macho kwenye dirisha. Nilikuwa nawahesabia. Hakuna aliyevuka pumzi tatu.

Ndipo mama akaja. Nilisikia njuga, nikamwona amesimama nje hatua mbili kutoka mlangoni, ametupa mgongo, anaongea na mlima.

"Mkwe," akasema. "Wanaokutazama wamekuchosha. Njoo ufanye kazi kwangu. Mimi siruhusiwi kukutazama."

Akaondoka bila kungoja jibu. Wiki iliyofuata Leland alivaa kofia yake akaenda.

Ghala likagawanywa kwa ukuta wa plaiwudi, milango ikawa miwili, na katikati ya ukuta, usawa wa kiuno, wakatoboa tundu la kupitishia karatasi. Mama upande wa kaskazini na mimi pembeni yake, maana mimi ndiye wa barua na fomu. Leland upande wa kusini na mashine yake ya kupimia. Yeye anapanda mabonde anapima, mama anachora, kwa sababu mama ndiye anayejua kondoo wa nani wanalisha wapi na nani alinuniana na nani mwaka gani. Na kutwa nzima ni maneno ukutani.

"Mkwe, huu mstari wako umekatiza zizi la marehemu Hoskie Claw. Ulipima umelala?"

"Zizi limehama, mama."

"Limehama? Lina miguu?"

"Lina wajukuu. Wamelisogeza."

"Na wewe ukasimama tu unawaangalia."

"Niliwasaidia, mama. Lilikuwa zito."

Mama alikuwa akicheka bila sauti, mabega yanatikisika, na mimi nikamwona kwa sababu nilikuwa upande wake. Leland hakumwona, lakini alijua. Mtu aliyekuwa hatoki ndani alikuwa sasa anapiga mluzi akikunja ramani. Ningekuwa na akili ningeuacha ukuta ule ulivyo.

Sasa nije kwenye ruzuku, na nitaisema vibaya kwa sababu nina kinyongo nayo.

Mashine ya kupimia ilikuwa imekufa. Leland alikuwa anakodi ya watu huko Farmington siku mbili kila mwezi, na familia arobaini na kitu zilikuwa zinangoja viwanja. Vuli ile akatokea Kendrick Haskie, mfanyakazi wa ofisi ya ruzuku ya jimbo. Ni mtu wetu, mtu mzima wa miaka thelathini na kitu, shati limepigwa pasi mpaka linakata. Alijitambulisha kwa koo zake, ukoo wa mama kwanza, na kumbe ndio wetu. Basi akawa kaka yangu pale pale, akala supu ya kondoo bakuli mbili na mkate wa kukaanga, halafu akatoa makabrasha.

"Dada Arlinda," akasema, "pesa hizi ni za biashara za makabila kuhamia kazi ya nyumbani. Mnapewa kompyuta tatu, dishi, intaneti ya mwaka mzima. Na vifaa vya kazi. Mashine ya kupimia ni kifaa cha kazi."

"Masharti?"

"Mnaachia ofisi. Si ndiyo maana yake, kila mtu kwake? Na kila Jumatatu kikao kwenye kompyuta, sura za wafanyakazi wote zionekane. Bi Haldane anapiga picha ya skrini kama ushahidi kwamba mpo kweli."

Akaacha kutafuna kidogo. Alikuwa ameliona ghala letu, ameona milango miwili, amesikia njuga. Bibi yake mwenyewe alikuwa anavaa. Nilimwangalia, akaniangalia, kisha akaomba chumvi.

Kusaini tulienda mjini, mimi na yeye. Bi Haldane, mkuu wake, ni mama wa Kizungu mwenye sauti laini na pete ya feruzi kubwa kuliko zetu sote. Alinishika mikono yote miwili. Halafu akakaa, akafungua daftari, akashika kalamu, akauliza kama kuna jambo lolote la mila zetu ambalo wangepaswa kulijua kabla ya kuanza.

Aliuliza. Simsingizii. Mwanamke yule aliuliza kwa mdomo wake, na angekuwa hakuuliza leo ningekuwa na mtu wa kumlaumu. Lakini ile kalamu. Ilikuwa juu ya karatasi, inangoja, na yeye ameinamisha kichwa upande kama mtu anayesubiri mtoto aonyeshe alichochora. Nikajiona nikimweleza kwamba mama yangu anavaa njuga ili mume wangu akimbie. Nikamwona anaandika. Nikamwona akiwahadithia wenzake chakula cha mchana. Aibu ikanipanda.

"Hapana," nikasema. "Hakuna kitu."

Kendrick akakohoa. Nikasaini.

Nilijiambia picha si jicho. Sura kwenye kioo cha kompyuta si mtu, ni taa tu. Mtu akitaka kujidanganya hakosi maneno. Ghala likarudishwa kwa mwenyewe, plaiwudi ikachukuliwa na binamu zangu wakafanyia zizi la wana-kondoo, dishi likapandishwa kwenye paa la mama na jingine kwetu, kilomita tatu chini ya kilima. Mashine mpya ya kupimia ikaja kwenye sanduku lake. Leland aliifungua taratibu, akaipangusa na fulana yake safi, na nikasema moyoni, unaona, nimefanya vizuri.

Jumatatu ya kwanza nilikuwa kwa mama. Nilimwambia kamera ya Leland itafungwa. Leland nilimwambia mama atafunika upande wake. Kompyuta ikawaka, kijisanduku cha kwanza Bi Haldane, cha pili mama na mimi, na cha tatu cheusi kimeandikwa jina la Leland.

"Nawaona wawili," Bi Haldane akasema kwa furaha. "Nahitaji sura ya tatu. Leland, hebu tuoneshe huo uso."

Kisanduku kikaanza kupata mwanga. Mama hakupiga kelele. Alishika kifuniko cha kompyuta akakifunga, akaweka juu yake mfuko wa unga, akaweka viganja vyake juu ya mfuko.

"Umeniingiza chumba kimoja na mkwe wangu," akasema, "bila njuga."

"Mama, ni picha tu."

"Ulijua kwamba itakuwa hivi?"

Nikaanza kukunja waya wa kompyuta.

"Arlinda. Nakuuliza kama ulijua."

"Nilijua."

"Basi waambie. Leo. Waambie hawa watu sisi tuna mwiko, mimi nitaongea bila sura, wakikataa wachukue madude yao. Na ukishindwa kusema, niambie, Kiingereza chako nilikulipia mimi."

"Nitawaambia, mama."

Sikuwaambia. Nilienda kwa shangazi Ardith, mdogo wa marehemu baba, anayefanya kazi kwenye duka la mashine za kufulia za kutia sarafu. Ana miwani kama ya mama na hapo ndipo kufanana kunapoishia. Mama ni mwembamba kama uzi, Ardith anajaza mlango. Nikamwomba akae jikoni kwangu kila Jumatatu nusu saa, mbele ya kompyuta yenye jina la mama, sauti imezimwa, atikise kichwa. Kompyuta ya mama nilimwambia mwenyewe imerudishwa kiwandani ina hitilafu, na kwamba wamekubali tuongee kwa karatasi.

"Na huyo mzungu hatajua?" Ardith akauliza.

"Shangazi, huyo akituona sote anaona bibi mmoja."

Akacheka mpaka miwani ikamtoka. Na kweli, Jumatatu iliyofuata Bi Haldane akamsalimu, "Zonnie, umependeza leo." Wiki ya tatu akamsifu kwa nywele. Ardith akatikisa kichwa kwa madaha, na mimi, nikishaonyesha sura yangu, nikasimama nyuma ya jokofu nikijiuma mkono nisicheke. Nilijiona mjanja. Nilikuwa mpumbavu wa kutupwa.

Kwa sababu Leland alikuwa chumba cha pili mbele ya kompyuta yake, mlango umefungwa, akidhani Ardith amekuja kunywa kahawa tu, na kama mkwe mwenye adabu alikuwa amebandika karatasi juu ya kisanduku chenye jina la Zonnie Etsitty. Hakuona ni nani yumo. Aliweka uso wake ule mbele ya kamera kwa ajili ya mashine na zile familia arobaini, na alivumilia kwa kuamini kwamba mama mkwe wake yupo upande wa pili, amefunika, anasikiliza. Alikuwa anaripoti kama zamani.

"Mama, kiwanja cha akina Manygoats kina mwamba upande wa mashariki. Niusogeze mstari au niuache?"

Kimya. Ardith anatikisa kichwa.

"Mama?"

Kimya.

"Basi nitausogeza."

Wiki ya kwanza aliniuliza kama mama anaumwa. Nikasema sauti yake ina matatizo. Wiki ya tatu akaniuliza kama amemkosea. Nikasema acha mambo yako. Wiki ya tano hakuniuliza tena. Alisoma ripoti kama anayesoma orodha ya sokoni, akazima, akakaa kitandani na kofia yake magotini. Mluzi uliisha. Na kule kilimani mama naye anapokea ramani kutoka mkononi mwangu, anazigeuzageuza.

"Mkwe hana neno?"

"Ana kazi nyingi, mama."

"Zamani alikuwa na kazi nyingi na neno pia."

Hawakuwahi kupigiana simu maishani mwao. Ukuta uliwatosha. Sasa hawakuwa na ukuta, walikuwa na mimi, na mimi nilikuwa nimewakata ulimi wote wawili ili nisimweleze mwanamke mmoja mwenye kalamu habari ya njuga mbili. Jumapili moja Leland akaniambia kuna kazi Phoenix, kwenye bohari, zamu ambayo hakuna watu. Alisema hivyo tu akaendelea kupiga buti zake kiwi.

Halafu Bi Haldane akaandika kwamba anakuja mwenyewe, na mpiga picha, tukutane kwenye jumba la mikutano la kata. Sisi ndio tulikuwa mfano wao mzuri. Alitaka kitabu cha mwaka cha ofisi yao kiwe na sisi ndani.

Nilimvalisha Ardith, nikamketisha mbele. Mama sikumwambia kitu. Leland nilimwambia mama hatakuja, na hapo kwa mara ya kwanza nilisema kweli, au nilidhani.

Upepo wa Machi ulikuwa unapiga mchanga kwenye madirisha. Kahawa ipo, supu ipo, watu wa kata wamejaa kwa sababu chakula ni bure. Bi Haldane akaingia, akaenda moja kwa moja kwa Ardith akamkumbatia.

"Zonnie. Hatimaye."

Leland alikuwa kwenye meza ya kahawa. Aliposikia jina hilo aligeuka ukutani mara moja, kofia ikashuka. Halafu nikaona mgongo wake umetulia. Hakuwa amesikia njuga. Akageuka polepole, akamwona Ardith mikononi mwa mzungu.

"Shangazi Ardith," akasema. "Mbona unaitwa Zonnie?"

Ardith akanitazama mimi. Ukumbi wote ukanitazama mimi.

Na njuga zikalia mlangoni.

Kendrick ndiye aliyemleta. Kaka yangu yule mwenye pasi. Alikuwa amepanda kilima kumchukua mama kwenye gari la ofisi, anataka kujikosha, labda kwa ile chumvi aliyoomba siku ile. Mama alipofika kizingitini akasimama na kugeuza mgongo, shela imeshushwa mpaka kidevuni, kwa sababu alijua kwenye watu wengi hivyo mkwe wake atakuwemo. Leland akaanza kwenda mlango wa jikoni. Bi Haldane akamshika mkono.

"Usikimbie picha, Leland," akamwambia kwa ile sauti. "Usiufiche. Uso wako ndio hadithi yetu."

Nilimwona Leland akiutazama mkono ule juu ya mkono wake. Mpiga picha alikuwa tayari. Mwanga ukapiga mara moja, mara mbili, upande wa kulia. Leland hakuuvuta mkono. Aliushusha tu uso wake kifuani na akabaki hivyo, kama miezi ile minane.

"Nani anaitwa kwa jina langu humu ndani?" mama akauliza, mgongo bado umegeuka. Aliuliza kwa Kidine.

Ardith akashusha miwani yake.

"Mkwe, upo?"

"Nipo, mama."

"Wiki sita hujanisemesha. Nimekukosea nini?"

"Nimekusemesha kila Jumatatu, mama. Nilikuuliza habari ya mwamba wa akina Manygoats. Hukunijibu."

"Mimi sina kompyuta, mkwe. Iliondoka nyumbani kwangu Jumanne baada ya kile kikao cha kwanza."

Nilisikia mchanga kwenye madirisha na supu ikichemka. Hawakulitaja jina langu. Wazee wa kata walishusha vijiko. Bi Haldane alikuwa anatabasamu, anamwangalia huyu na huyu, anangoja kutafsiriwa.

Mama akaingiza mkono chini ya shela, akafungua ukanda wake, akachomoa njuga zote mbili. Akazinyoosha nyuma ya mgongo, kiganja wazi.

"Arlinda. Njoo uchukue. Mpe huyo mwanamke. Mwambie azifunge kwenye kamera yake, ili popote anapokwenda nayo watu wasikie inakuja, wenye sura zao wapate nafasi ya kugeuka. Mwambie neno kwa neno."

Nikazichukua. Zilikuwa na joto la mwili wake. Nikatembea mpaka kwa Bi Haldane, na kwa mara ya pili katika maisha yangu kalamu ile, ingawa haikuwepo, nikaiona.

"Mama anakupa zawadi," nikasema kwa Kiingereza. "Ni desturi yetu kwa mgeni wa heshima."

Bi Haldane akaweka mkono kifuani, macho yakalowa. Akazifunga kwenye kifundo cha mkono, akazitikisa zikalia, na Leland, aliyezoea tangu alipooa, akageuka ukutani. Hakujizuia. Mpiga picha akapiga. Kendrick alikuwa anasoma viatu vyake.

Mama alikaa shule ya bweni miaka tisa. Alipiga taipu barua za Kiingereza miaka ishirini na miwili. Alikuwa amesimama hatua kumi kutoka kwangu na alielewa kila neno nililosema. Alisema kwa Kidine ili niseme mimi. Alikuwa ananipa nafasi.

Akatoka bila njuga, akaenda nyumbani kwa miguu, kwenye upepo ule.

Kitabu chao kilikuja kwa posta wakati wa kunyoa kondoo. Bi Haldane yuko kwenye jalada la ndani, mkono juu, njuga zinaonekana vizuri. Nyuma yake kuna mwanamume kageuka ukutani, na chini wameandika kwamba teknolojia imewaunganisha watu hawa. Mashine mpya ya kupimia ilikuwa imesharudishwa kwa ofisi ya ruzuku kupitia Farmington, pamoja na kompyuta tatu na madishi mawili. Leland ndiye aliyezifunga, na kufunga hakukumchukua muda.

Phoenix hakwenda. Siku mbili baada ya ule mkutano alienda kwa binamu zangu, akang'oa plaiwudi kwenye zizi, akaiosha kinyesi cha kondoo, akaipeleka kwenye kibanda cha nyuma ya nyumba ya mama. Akaisimamisha katikati. Lile tundu lilikuwa bado lipo. Alienda Gallup akanunua njuga mbili, akaziweka kwenye tundu, akatoka, akangoja nje amegeuza mgongo. Nasikia mama alipozivaa alisema zile za zamani zililia vizuri zaidi, na Leland akamjibu zile za zamani zilikuwa na bibi kijana. Nasikia. Mimi sikuwepo, na aliyenisimulia ni Ardith.

Kazi imerudi, polepole, kwa mashine ya kukodi. Akina Manygoats wamepata ramani yao na mstari umesogezwa. Mluzi umerudi.

Nilipokwenda kuripoti kazini, nikakuta meza yangu imehamishwa. Haikuwa tena upande wa mama. Ilikuwa upande wa kusini, karibu na ya Leland, imeelekezwa ukutani. Hakuna aliyenieleza. Fomu zangu nazipitisha kwenye tundu na mama anazichukua, anasema, "Mstari wa tatu una kosa," anairudisha. Ananiita Arlinda. Zamani aliniita mwanangu. Nikienda nyumbani kwake anafungua mlango ameshageuka, anaenda kupika, na maswali yangu anayajibia kwenye sufuria. Njuga zake nazisikia siku nzima, kama Leland.

Juzi sikuweza kuvumilia. Mkono wake ulipoonekana kwenye tundu kuchukua karatasi, niliinama haraka nimwone uso, hata jicho moja. Mimi si mkwe. Mimi nimetoka tumboni mwake, mwiko haunihusu.

Mama akachukua ramani iliyokuwa mezani kwake, akaziba tundu.